Mkondo Ulioshuka Kila Magharibi

Miezi ile niliyokaa Jadida, kwetu Pemba, kumuuguza mama, nilikuwa na wagonjwa wawili ndani ya nyumba. Wa kwanza alikuwa mama mwenyewe. Aliteleza bafuni akavunjika mguu, akafungwa plasta hospitali ya Chake Chake, akarudishwa nyumbani na amri ya kutoukanyaga. Wa pili alikuwa kipande cha chuma, ukubwa wake ukucha wa kidole gumba, kilichoning'inia ndani ya bilauri la maji ya chumvi juu ya meza ya chumba cha nje. Mama aliendelea vizuri. Chuma ndicho kilichonikondesha.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha bara, na somo langu lilikuwa kemia ya umeme. Huko bara nikisema natoka Pemba, watu huniuliza kama nafanya utafiti wa karafuu. Nyumbani nikisema nafanya utafiti wa kutu, watu hunyamaza kwa adabu, kisha huuliza mama anaendeleaje. Basi nimezoea kujieleza kwa ufupi. Chuma kilicho majini kikipewa umeme kidogo kutoka nje, hakishiki kutu. Swali ni kidogo kiasi gani. Jibu liko kwenye oksijeni: inaingia majini kutoka hewani, inasafiri taratibu mpaka kwenye chuma, na kadiri inavyofika kwa wingi ndivyo mkondo wa umeme unavyotakiwa kuwa mkubwa. Hayo ndiyo niliyokuwa nayapima, na kwa hayo nilitaka kupewa shahada.

Kazi ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja nilijenga modeli kwenye kompyuta: bilauri la kuigiza, lenye maji ya kuigiza na chuma cha kuigiza, na milinganyo inayosema oksijeni itasafiri vipi na mkondo utakuwa kiasi gani kila dakika. Upande wa pili kulikuwa na bilauri la kweli. Mwisho wa yote unachora mistari miwili kwenye grafu moja, wa modeli na wa jaribio. Ikilala pamoja, sura ya tasnifu imekamilika. Isipolala pamoja, mmojawapo unasema uongo, na ni juu yako kujua ni upi.

Msimamizi wangu alikuwa mtu mwema. Aliposikia habari ya mguu wa mama aliniruhusu nibebe kifaa kidogo cha kupimia, kinachoingia kiganjani kama kipande cha sabuni, nikamalizie jaribio nyumbani. Aliniongezea muda pia. Lakini aliniambia, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba muda wa ziada hutolewa mara moja tu. Sura hii ya kulinganisha modeli na jaribio ikifika tarehe aliyonitajia bila kukamilika, jina langu linatoka kwenye orodha na mimi nimekwisha. Niliandika tarehe ile kwa kalamu nyekundu, nikaibandika ukutani juu ya meza, karibu na kalenda ya msikiti.

Nilianza vizuri mno. Nilipima chumvi kwa mizani, nikaichanganya na maji safi ya chupa, nikasugua chuma mpaka kikang'aa, nikaunganisha waya tatu. Modeli ilikuwa imetabiri kwamba mkondo utaanza juu, utashuka kwa muda wa saa moja au mbili, kisha utatulia na kubaki hivyo hivyo mpaka mtu azime. Na kweli, ulianza juu, ukashuka, ukatulia pale pale modeli iliposema utatulia. Niliinuka pale nikamwendea mama kitandani nikambusu kipaji cha uso bila kumwambia kwa nini. Akaniuliza kama nimepata mchumba.

Ilipofika jioni mkondo ukaanguka. Haukupungua pole pole. Ulianguka ndani ya robo saa, ukabaki kidogo zaidi ya nusu ya ulivyokuwa, ukakaa huko chini mpaka asubuhi. Baada ya alfajiri ukapanda tena, ukarudi mahali pake pa jana kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Mstari wa modeli ulikwenda mlalo mmoja, umetulia, na mstari wa jaribio ulipanda na kushuka ngazi chini yake. Nilimtumia msimamizi picha ya grafu. Alinijibu sentensi moja: “Mbona chuma chako kinakwenda kulala?”

Sikucheka. Mimi nina hasira za karibu, na hasira zangu zilianza na modeli. Niliipekua mstari kwa mstari nikitafuta kosa, nikabadilisha kila namba niliyokuwa na haki ya kuibadilisha na mbili tatu nisizokuwa na haki nazo. Haikusaidia. Nikafikiri ni joto, maana usiku kunapoa. Nikaweka kipimajoto ndani ya maji, nikaandika namba kila baada ya saa, na namba zikaniambia kwamba maji yanapoa kidogo sana na taratibu sana. Joto halianguki kwa robo saa. Nikafikiri ni mwanga, nikaziba upande wa dirisha kwa kanga. Nikafikiri ni umeme wa mtaani unaolegea watu wanapowasha taa, nikakiendesha kifaa kwa betri ya kompyuta peke yake. Chuma kikalala vile vile. Kuna siku nilifika mahali pa kuangalia saa za maji kujaa na kupwa, mimi niliyesomeshwa, kana kwamba maji ya bilauri yana habari na bahari.

Jambo moja lilinitia wazimu zaidi. Siku moja niliitwa Chake kuchukua dawa za mama, gari ikaharibika njiani tukasimama, na nikafika nyumbani isha imekwisha kuadhiniwa. Mama alikuwa peke yake kitandani. Nilipofungua kompyuta nikaona kwamba siku ile mkondo nao ulichelewa kushuka. Ulikuwa bado juu wakati nilipoingia, ukashuka baada ya mimi kufika. Unaposoma haya bila shaka umekwisha kuona kwamba mkondo ulikuwa unanisubiri mimi. Mimi nilichoandika kwenye daftari ni kwamba kifaa kina hitilafu.

Mama alikuwa akifuatilia kila kitu. Kitanda chake tulikigeuza ili apate upepo, na mlango wa chumba chake ukiwa wazi aliiona meza yangu yote, bilauri, waya na mgongo wangu. Hakuwa na la kufanya kutwa isipokuwa tasbihi yake na kunitazama mimi. Kila nikimpelekea chai huniuliza, “Vyereje leo chuma chako?”

“Kibovu, mama.”

“Basi kiombee dua.”

“Nimekiombea.”

“Umekiombea na huku wakitukana. Nakusikia.”

Siku zilipobaki chache kabla ya ile tarehe nyekundu, nilimpigia simu mwenzangu tuliyekuwa tukisoma pamoja, mtu hodari na mwepesi wa kila kitu, nikamweleza. Aliona shida yangu ndogo. “Kata usiku,” akasema. “Mchana wako si unakubaliana na modeli? Onyesha mchana tu. Sema usiku ulikipumzisha kifaa. Nani atakuuliza?” Nilimwambia maneno makali na nikakata simu. Nilijiona mtu mwenye msimamo. Msimamo huo ulidumu siku nne.

Siku ya tano, baada ya alasiri, nilikata usiku. Niliketi tu, nikachagua zile saa, nikabonyeza. Nikaunganisha mchana na mchana, nikaandika chini yake kwamba kifaa kilizimwa baina ya vipimo. Sentensi ile ilikuwa uongo mtupu, na niliiandika kwa mtiririko mzuri kuliko kurasa zote za tasnifu. Mistari miwili ikalala pamoja. Grafu ilipendeza, na sikutaka kuitazama mara ya pili. Lakini niliiambatanisha kwenye barua pepe, nikaanza kumwandikia msimamizi salamu, nikaandika salamu ndefu kuliko inavyohitajika, nikazifuta, nikaanza upya.

Hapo ndipo adhana ya magharibi ilipotoka msikitini. Kwa kawaida mimi huinuka papo hapo. Siku hiyo sikuinuka.

“Wee mwana,” mama akaita kutoka kitandani. “Magharibi hino.”

“Naam, nakuja.”

“Vyombo vyote vi wazi.”

Nikaenda jikoni nikigunaguna. Nikafunika ndoo ya maji ya kunywa, nikafunika sufuria ya muhogo, nikafunika jagi, nikarudi kuketi mbele ya ile barua.

“Na hilo bilauri?” mama akasema.

“Bilauri gani?”

“La chuma. Leo hujalifunika.”

Nilimjibu bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayejua zaidi. “Mama, lile halifunikwi. Lile ni la jaribio, linakaa wazi.”

Nikageuka, nikamwona ananitazama kama anayenipima homa.

“Linakaa wazi vyereje, na kila siku si weye ulifunikaye? Kwa hicho kisahani chenye pengo. Mie nimelala hapa nakuona. Wapita na Bismillahi yako, wafunika ndoo, wafunika jagi, wafunika na hilo. Ukisha kusali alfajiri walifunua.”

“Mimi?”

“Nani mwengine? Mie, na mguu huu?”

Nikatazama meza. Kisahani kilikuwa pale, kando ya bilauri, kama kilivyokuwa siku zote. Kilikuwa kisahani cha zamani cha maua ya buluu, kimemeguka ukingoni, na lile pengo lilikuwa upana wa waya tatu. Sikukichagua kwa bahati. Kabatini mna visahani sita vizima. Mkono wangu ulikwenda ukatafuta kimoja kitakachofunika bilauri bila kubana waya, ukakipata, ukakitumia jioni baada ya jioni, na mimi mwenye mkono sikuwa na habari.

Kwetu vyombo haviachwi wazi magharibi. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kuhesabu: likizama jua, taja jina la Mungu na ufunike kilicho na maji au chakula. Kufikia umri wangu si jambo unalolikumbuka, ni jambo unalolifanya, kama kuvua viatu mlangoni. Katika daftari langu niliandika uzito wa chumvi, joto la maji, saa ya kuanza, hata jina la duka nililonunua msasa. Kisahani hakimo. Haikunipitikia kwamba kuna cha kuandika.

Nilitaka kubisha, kwa sababu kubisha ndiyo tabia yangu. Badala yake nilitazama kompyuta. Adhana ilikuwa imekwisha, watu wamekwisha kuingia msikitini, na kwa saa za siku zote mkondo ulitakiwa uwe umekwisha kuanguka. Ulikuwa mlalo. Mstari ulikuwa unakwenda zake mbele, umetulia, pale pale modeli iliposema, kwa sababu siku hiyo mtu alikuwa na shughuli ya kuandika uongo akasahau kufunika.

“Mama,” nikasema.

“Sali kwanza,” mama akasema.

Nilisali, na Mungu anisamehe kwa sala ile. Kisha nikarudi, nikachukua kisahani kwa mikono miwili, nikakiweka juu ya bilauri kwa kujua, kwa mara ya kwanza. Nikaketi kutazama. Dakika chache mstari ulisitasita, halafu ukaanza kuinama. Ndani ya robo saa chuma kilikuwa kimelala.

Nikakaa sakafuni nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na baadaye nikagundua kwamba nilikuwa nimeacha kucheka kitambo na machozi ndiyo yaliyobaki. Mama alidhani nimepata habari ya msiba. Nilipomweleza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sasa kisahani kina dhambi gani?”

Nilimweleza kwa chai, kwa sababu mama ni mtu wa chai. Kikombe kilichofunikwa hakipoi upesi, nikamwambia, wewe mwenyewe wajua. Kilicho wazi upepo unakipapasa, mvuke unatoka, maji ya juu yanapoa na kuzama, ya chini yanapanda, na humo ndani mnakuwa na mzunguko hata kama macho hayauoni. Bilauri langu likiwa wazi lilikuwa linajikoroga lenyewe, na oksijeni ilikuwa inapata usafiri mpaka kwenye chuma. Likifunikwa maji yanatulia tuli, na oksijeni inabaki kwenda kwa miguu. Ndiyo maana mkondo unashuka. Mama akatikisa kichwa akasema hilo angeniambia tangu siku ya kwanza kama ningeuliza, maana chai anayoletewa na mimi siku zote imepoa.

Kilichonifurahisha kuliko yote, na furaha yake ninayo mpaka sasa, ni kwamba modeli haikuwa imekosea. Mstari wa kwanza kabisa niliouandika ndani yake unasema: chombo kiko wazi. Wiki zote hizo nilikuwa nalinganisha bilauri la kompyuta lililo wazi usiku na mchana na bilauri la Jadida linalofunikwa kila magharibi, nikashangaa kwamba hayafanani. Hakuna aliyesema uongo kati yao. Aliyekuwa karibu kusema uongo ni mimi.

Ile barua nikaifuta. Nikafuta na grafu ya mchana mtupu, nikaenda mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta nikaifuta na humo. Msimamizi sijamwambia habari hiyo, wala yule mwenzangu. Haya ndiyo maandishi ya kwanza yanayoitaja.

Asubuhi nilifanya lile jaribio lililopasa kufanywa mwanzo. Saa nne, jua limewaka na hakuna adhana wala giza la kusingizia, nikafunika bilauri. Mkondo ukaanguka. Nikafunua, ukapanda. Nikafunika tena, ukaanguka tena, na mama akaniambia nisilichezee sasa. Kisha nikarudi kwenye modeli na kuiongezea kifuniko: maji yaliyotulia, na tabaka nene zaidi ambalo oksijeni inapaswa kulivuka. Nikaipa saa zangu za kufunika na kufunua, magharibi na alfajiri kama zilivyo kwenye kalenda ya msikiti, na kwa siku ya Chake saa niliyofika nyumbani. Mstari wa modeli ukashuka ngazi magharibi, ukapanda alfajiri, ukachelewa hata ile siku niliyochelewa mimi kutoka Chake. Nilipouweka juu ya mstari wa jaribio ilinibidi niikuze picha ili nione kwamba ni mistari miwili.

Msimamizi alipiga simu mwenyewe. Alikuwa anacheka hata kabla ya salamu. Akaniambia sasa nina zaidi ya nilichotafuta, kwa sababu nina modeli inayokubaliana na chombo kilichofunikwa na kilicho wazi. Kilichobaki ni kimoja tu: siku tatu mfululizo, mchana na usiku, bilauri wazi bila kisahani, kuthibitisha kwamba usiku wenyewe hauna lolote. Nikamwambia hilo ni jepesi, nitalianza leo.

Halikuwa jepesi. Magharibi ilipofika nilifunika ndoo, nikafunika jagi, nikasimama mbele ya bilauri mkono ukiwa umekwisha kukishika kisahani. Nikakiweka mezani. Nikaondoka hatua mbili nikarudi. Naweza kuandika mlinganyo wa oksijeni kwa kufumba macho, na siwezi kuacha chombo cha maji wazi magharibi nikalala usingizi. Sioni haya kulisema. Nilisimama pale, na ile tarehe nyekundu juu yangu, nikiwa na siku za kutosha jaribio moja tu la siku tatu, na nikiwa sijui nafanyaje.

“Una nini tena?” mama akauliza.

Nikamwambia. Nilitazamia aseme lifunike, na mimi ningemtii, na sura ingebaki na tundu. Mama akafikiri kidogo, vidole vikipitisha punje za tasbihi.

“Kwani chuoni ulifundishwa nini?” akasema. “Kifuniko kikikosekana, walaza kijiti juu ya chombo, wataja jina la Mungu, yatosha. Hata ujiti mmoja. Kijiti kitazuia upepo wako?”

Nilikuwa nimefundishwa, si chuo cha bara, ni chuo cha Kurani cha utotoni. Nilikumbuka mpaka mkeka niliokalia na sauti ya mwalimu. Miaka ishirini sikupata kulihitaji, kwa sababu nyumba yetu haijapata kukosa vifuniko.

“Hakitazuia,” nikasema.

Nikaenda jikoni, nikachomoa kijiti kipya cha mishikaki kutoka kwenye pakiti. Nikakilaza juu ya bilauri, kimevuka kutoka ukingo hadi ukingo. “Bismillahi,” nikasema, safari hii kwa sauti. Mama akajibu Amin ingawa haikuwa mahali pake, akageukia ukuta, akalala. Mimi pia nililala. Sikukaa kukesha mbele ya kompyuta, na hilo peke yake lilikuwa jipya.

Baada ya alfajiri nilifungua kompyuta kwa jicho moja. Mstari ulikuwa umevuka usiku mzima mlalo. Ulitikisika kidogo karibu na mapambazuko, upepo ulipotulia, ukajirekebisha. Usiku wa pili mlalo. Wa tatu mlalo. Nilimpelekea chai, imefunikwa kisahani kizima, ya moto mpaka akalalamika.

Tasnifu ilipelekwa siku mbili kabla ya tarehe nyekundu. Kwenye sura ya mbinu niliandika kwamba katika jaribio la mwisho chombo kiliachwa wazi, na kijiti chembamba kimelazwa juu yake. Msimamizi aliuliza kama sentensi ya kijiti ina umuhimu, kwa kuwa hakibadilishi chochote. Nikamjibu kwamba mara ya mwisho nilipoacha kuandika kitu nilichodhani hakina umuhimu, tulipoteza wiki tano, yeye na mimi. Akaiacha. Akaniambia niweke na picha.

Siku ya kutetea tasnifu nilirudi bara, na mama akabaki Jadida na dada yangu aliyekuja kukaa naye, plasta imekwisha kutolewa, anatembea kwa gongo na kuwasumbua majirani. Watahini walikuwa watatu. Waliniuliza habari za milinganyo, nikajibu. Waliniuliza kwa nini tabaka la maji yaliyotulia nimelipa unene ule, nikajibu. Kisha mmoja wao, mama mtu mzima mwenye miwani, akarudi kwenye ile picha, akaikaribia, akaweka kidole.

“Hiki kijiti,” akasema, “kinafanya kazi gani?”

Nilikuwa nimejitayarishia jibu la kisayansi, kwamba kinaonyesha upana wa mdomo wa chombo. Lilikuwa jibu zuri. Lakini nilikuwa nimekwisha kuandika uongo mzuri mara moja na sikutaka kuuandika wa pili. Nikamwambia kilivyo: kwetu vyombo hufunikwa magharibi, jaribio lilitaka chombo kiwe wazi, na kijiti ndicho kilichoniwezesha kukiacha wazi. Nikaongeza kwamba kijiti chenyewe ni shauri la mama, na sura yote mbele yake imetokana na hilo. “Kiache,” akasema, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akafungua ukurasa uliofuata.

Walipokwisha kunipa mkono nilitoka nje kumpigia mama. Alipokea mlio wa kwanza, kwa hiyo simu alikuwa ameikalia.

“Wamekupasisha?”

“Wamenipasisha, mama.”

“Alhamdulillahi. Na kijiti, wamekiuliza?”

“Wamekiuliza.”

“Ukawambiaje?”

“Nimewaambia ukweli. Nimewaambia ni chako.”

Nikasikia punje za tasbihi zikigongana karibu na simu.

“Mie nilichelea watakwambia ukitoe,” akasema.

Nikamwambia hapana, wameniambia nikiache.